Nakala Safi ya Daftari la Makosa

Ukitaka kumkasirisha Mama Povu, mwambie hujawahi kukosea. Atakutazama kuanzia viatu hadi nywele, taratibu, kama anayetafuta doa kwenye shuka jeupe, kisha atakuuliza, "Hata leo asubuhi?" Ukiendelea kubisha, hapo ndipo utajua kwa nini aliitwa Povu. Wengi walidhani jina lilitokana na sabuni. Sabuni ilichangia, lakini si peke yake.

Alianza kufua nguo za watu akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka thelathini na mitatu aliimaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, kwanza akikunja mashuka, mwisho akiwa kiongozi wa wanawake kumi na mmoja. Huko ndiko alikopata dini yake ya pili. Siku moja sindano ilisahaulika ndani ya shuka, ikapanda wodini na kumchoma muuguzi. Aliyeisahau alinyamaza. Wakasimamishwa kazi wote kumi na wawili, wiki mbili, mwenye kosa na wasio na kosa. Mama Povu aliporudi alinunua daftari, akaandika ukurasa wa kwanza kosa lake mwenyewe, kisha akawaambia wenzake: "Kosa ukilisema mapema ni doa bichi, linatoka. Ukilificha, umelipiga pasi. Hilo halitoki tena." Kuanzia siku hiyo kila mmoja akawa anaandika lake, na hakuna aliyeadhibiwa kwa alichoandika.

Nyumbani sheria ilikuwa hiyohiyo. Hakuzaa, lakini alilea. Dada yake alifariki akaacha mtoto wa kiume wa miaka sita, na huyo mtoto akawa wake. Alipokuwa na miaka minane alipiga mpira ukavunja kioo cha jirani, mwalimu mmoja mkali ambaye hata mbuzi walimwamkia. Mtoto akajificha chini ya kitanda tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mama Povu alijua. Aliona kioo, akaona mpira, akaona miguu miwili imechomoza uvunguni. Hakumtoa. Alisimama jikoni akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na sufuria, "Humu ndani ukisema mwenyewe, yameisha." Ile miguu ikatoka. Wakaenda wote wawili kwa mwalimu, na aliyeomba radhi kwanza alikuwa yeye, mama mdogo. Mtoto hakuguswa hata kwa ukucha.

Nakueleza habari ya kioo kwa sababu tutairudia.

Mtoto akakua, akasoma mambo ya kompyuta, akaajiriwa, akaacha. Akiwa na miaka ishirini na minane alimjia mama yake mdogo na wazo.

"Mama mdogo, watu hawana muda wa kufua."

"Muda wa kulala wanao?"

"Sikiliza basi. Mtu anabonyeza kwenye simu, pikipiki inakuja kuchukua nguo, kesho zinarudi zimepigwa pasi. Mimi najua simu. Nguo sijui. Wewe unajua nguo kuliko mtu yeyote hapa duniani."

Ilikuwa imebaki miaka mitatu astaafu. Wenzake walimwambia asifanye ujinga wa kuacha kazi ya uhakika kwa ajili ya wazo la kijana. Aliacha. Mtoto akishakuamini akatoka uvunguni mwenyewe, ukamlea mpaka akaja kukuomba, unamwambiaje hapana?

Wakaanza kwenye chumba kimoja chenye mashine mbili, na meza ya kupigia pasi ilikuwa meza yao ya kulia chakula. Walikuwa wanne: kijana mwenyewe, Mama Povu, dereva wa pikipiki, na Fundi Pasi.

Huyu Fundi Pasi lazima umjue. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mpole, aliyepiga pasi miaka kumi na mitano katika hoteli kubwa. Sketi ya marinda aliinyoosha rinda kwa rinda huku anapiga mluzi. Mama Povu alimfuata hotelini mara tatu. Mara mbili alikataa.

"Hapa kuna faili," alisema. "Ukiunguza kitambaa inaingia kwenye faili. Lakini nimeshalizoea faili lao. La kwenu silijui."

"Kwangu hakuna faili," Mama Povu alimwambia. "Kuna daftari, na daftari ni langu. Unachoandika humo hakitoki humo. Nakupa neno langu."

"Neno lako?"

"Langu mimi. Si la kampuni. Kampuni bado haina hata mlango unaofunga."

Mara ya tatu akaja na pasi yake mwenyewe, ameifunga kwenye taulo.

Kila asubuhi, saa moja kasoro dakika kumi, kabla mashine hazijawashwa, walisimama kuizunguka ile meza. Hakuna aliyekaa, maana Mama Povu aliamini mtu akikaa anaanza kujitetea. Yeye ndiye aliyeanza kusoma, siku zote. "Jana nilisahau mifuko. Nimefua kitambulisho cha mteja. Sasa picha yake haina macho." Wote wakaitikia: "Tumesikia, kazi iendelee." Kisha wakatafuta dawa ya kosa hilo, na dawa ikaandikwa ukurasa wa kulia, mkabala na kosa. Ukurasa wa kushoto makosa, wa kulia dawa. Ndivyo daftari lilivyokuwa.

Vicheko vilikuwepo. Kuna siku soksi nyekundu ya mtu iliingia kwenye makoti meupe ya daktari wa meno, na dereva akasema wagonjwa sasa watadhani wameshaanza kutoka damu. Lakini siku hiyohiyo ndoo za bluu zilinunuliwa, moja kwa kila mteja, na nguo za watu hazikuchanganyika tena. Lebo zilihamishwa kutoka mfukoni kwenda kwenye tundu la kifungo kwa sababu ya kosa la dereva. Pasi zikapewa vipumziko vya chuma kwa sababu ya kosa la Fundi Pasi. Watu walisifu programu ya simu, na ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini shati lilirudi likiwa shati kwa sababu ya lile daftari.

Kampuni ikakua, tena si kwa kutambaa. Ndani ya mwaka na nusu kulikuwa na vituo vitatu na watu tisini. Daftari moja likawa manne. Kila aliyeajiriwa, Mama Povu alimshika mkono siku ya kwanza na kumwambia maneno yaleyale aliyomwambia Fundi Pasi hotelini, na kumalizia na neno lake. Wageni walikuwa wanaogopa. Wiki ya kwanza waliandika vitu vidogovidogo, kifungo kimelegea, mlango sikuufunga vizuri. Wakimwona Fundi Pasi, bingwa, anasoma lake bila kutetereka, na wao wakafunguka. Ni mmoja tu ambaye hakuwahi kuandika chochote, mwanamke wa mapokezi mwenye tabasamu la muda wote. Kila asubuhi alisema, "Mimi sina." Dereva akambatiza Bibi Sifuri.

Ofisi nayo ikahama. Kijana akapanda ghorofa ya nne, juu ya kituo kimojawapo, kwenye vyumba vya kuta za vioo, watu wakaanza kumwita Mkuu. Ukutani waliandika kwa herufi kubwa za rangi ya chungwa: SISI NI FAMILIA. Akaajiriwa meneja mpya kutoka nje, mwenye shati lililobana, ambaye swali lolote ulilomuuliza alilijibu kwa mchoro. Mama Povu alimuuliza siku moja choo kiko upande gani akatamani kuona kama hilo nalo atamchorea. Wakamwita Bwana Chati.

Mama Povu alibaki chini, vituoni, kwenye mvuke. Hakulalamika. Mkuu alikuwa akimpigia simu kila Jumapili, halafu Jumapili moja kwa mwezi, halafu akiwa na nafasi.

Basi Jumapili moja mchana akaja mwenyewe. Alileta mapapai mawili, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kile kigoda cha jikoni alichokuwa akikalia akifanya kazi za shule. Magoti yalimfika kifuani. Mama Povu alimwona, moyo ukalainika kama kola iliyonyunyiziwa maji.

"Mama mdogo, wawekezaji wanakuja mwezi ujao. Wananiuliza mbona sisi hatuharibu nguo za watu kama wengine. Nimewaambia siri ni mama yangu. Nataka waone kazi yako."

"Kazi gani?"

"Daftari. Niazime madaftari yote manne, niwaonyeshe tunavyojifunza."

 Mama Povu alimenya papai, akatoa mbegu, akaziweka kwenye sahani. Alikuwa amewaambia watu tisini kwamba daftari halitoki. Lakini huyu si mtu wa nje, alijiambia. Huyu ni wa humu humu ndani, sheria yenyewe aliijua kabla yao wote. Kumpa huyu si kutoa. Na niseme ukweli, kulikuwa na jambo jingine: ile "siri ni mama yangu" ilikuwa imemwingia tamu kuliko papai.

"Sikupi hivi yalivyo," alisema mwisho. "Yamelowa, yana wanga, mengine yameandikwa na watu waliokimbia shule. Nitakunakilia. Wageni hawapewi nguo chafu."

Mkuu akambusu mkono. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa mikono miwili na kalamu tatu.

Siku tisa alinakili, kila mapumziko ya mchana, mlango wa stoo umefungwa. Alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanga kabati, hakuweza kuacha makosa yalivyokuwa, yamechanganyika kwa siku. Akampa kila mtu ukurasa wake, jina juu, tarehe kwa mpangilio. Pale watu walipoandika maneno mengi ya hovyo, alisafisha. Chini ya kila ukurasa akaandika jumla ya makosa kwa kalamu nyekundu, maana ukurasa usio na jumla aliuona kama shati lisilo na kifungo cha mwisho. Dawa za upande wa kulia alianza kuzinakili akaziacha. Zilikuwa ndefu, na hizo, alijiambia, mwanangu anazijua.

Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, makosa mia na kumi na mawili. Fundi Pasi alikuwa wa pili, arobaini na moja. Bibi Sifuri hakuwa na ukurasa.

Akalikabidhi limefungwa kwenye karatasi ya kahawia. Aliulizia baadaye kama wageni walilipenda. "Sana, mama mdogo," aliambiwa. "Sana."

Wiki ya nne baada ya hapo, siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, mashine zikiwa katikati ya kukamua, simu zikaanza kulia. Hazikulia zote. Moja kwenye kona ya mashuka, mbili mezani kwa kukunja, moja mfukoni mwa dereva. Ulikuwa ujumbe mmoja kwa watu ishirini na watatu. "Tunakushukuru kwa mchango wako katika familia yetu. Kutokana na tathmini ya rekodi ya makosa yako, safari yetu pamoja inaishia leo." Chini yake kulikuwa na orodha, ya kila mtu na makosa yake.

Kwanza Mama Povu alidhani ni matapeli wa mtandaoni. Akamfuata Fundi Pasi, ambaye alikuwa ameweka pasi kwenye kipumziko chake cha chuma na kuvaa miwani. Alikuwa anasoma taratibu huku midomo inacheza.

"Mama Povu," aliita, bila kumtazama. "Hapa pameandikwa, tarehe sita, aliunguza kola ya shati jeupe kwa kukosa umakini."

"Nionyeshe."

"Mimi sikuandika kukosa umakini. Niliandika mke wangu alikuwa amelazwa na mawazo yangu yalikuwa wodini. Nakumbuka, kwa sababu niliona aibu kuliandika, ukaniambia andika." Akavua miwani. "Nani aliandika kukosa umakini?"

Angeweza kusema sijui. Bwana Chati alikuwepo wa kubebeshwa lawama, na mtu yeyote angeamini.

"Mimi," alisema.

Mashine zilimaliza kukamua zikanyamaza moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekwenda kuzifungua. Watu walikuwa wanamtazama. Msichana mmoja wa kukunja, aliyekuwa na wiki saba tu kazini na makosa sita, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, si ulisema hakitoki?"  Fundi Pasi alichomoa pasi yake, ileile aliyokuja nayo, akasubiri ipoe. Pasi haipoi haraka. Dakika zote hizo alisimama mbele yake, akiangalia ukuta, na Mama Povu alisimama hapo naye kwa sababu hakujua pa kwenda. Kisha Fundi akaifunga kwenye taulo akatoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka thelathini na mitano amefua nguo za watu, akageuza kila mfuko na kila pindo, na hakuwahi kugeuza za kwake.

Alipanda ghorofa nne kwa ngazi. Lifti ilikuwepo, aliogopa akisimama kidogo hasira itageuka machozi. Bibi Sifuri alikuwa anashuka, na beji mpya kifuani: Msimamizi wa Vituo. Alitabasamu.

Mkuu alikuwa kwenye chumba chake cha vioo na Bwana Chati. Daftari lenye jalada gumu lilikuwa mezani, limejaa vijikaratasi vya rangi pembeni.

"Toka," Mama Povu alimwambia Bwana Chati. Yule bwana akamtazama Mkuu, Mkuu akaitikia kwa kichwa, akatoka na kompyuta yake.

"Mama mdogo, kaa kwanza."

"Sikai. Wawekezaji waliliona hili daftari?"

Mkuu akalisogeza daftari pembeni.

"Nimekuuliza. Waliliona?"

"Hawakuliona. Walitaka tupunguze watu robo. Robo nzima, mama mdogo, wala hawakuniuliza. Nikahitaji namna ya kuchagua ambayo ina ushahidi, isiwe upendeleo. Ulichoandika kiko wazi, majina, tarehe, jumla. Hakuna kampuni yenye rekodi kama ile."

"Kwa hiyo siku ile ulipokuja na mapapai ulikuwa unajua."

"Nilijua ningekwambia ungekataa."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeeleza jambo la busara. Upole ndio uliomuumiza. Angefoka, angejitetea, angelaumu, Mama Povu angepata pa kushikia. Alimtazama kijana ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za viatu alipokuwa mdogo, akaona hana hata dalili ya kutaka kuingia uvunguni.

"Ulivunja kioo cha mwalimu," alisema. "Ukaniambia mwenyewe. Nilikupiga?"

"Hukunipiga."

"Nilikufukuza?"

"Mama mdogo, nilikuwa mtoto. Na ile ilikuwa nyumba. Hii ni kampuni."

"Pale ukutani mmeandika nini?"

Mkuu hakugeuka kutazama ukuta. Alijua palipoandikwa.

"Fundi Pasi ana makosa arobaini na moja kwa sababu ameyasema arobaini na moja," Mama Povu aliendelea. "Yule mwanamke wako wa beji hana hata moja kwa sababu ni mwongo. Umewafukuza wakweli mwanangu, wote, mmoja mmoja, kwa mwandiko wangu. Umenitumia mkono wangu mimi."

"Wewe sikukugusa," Mkuu alisema haraka, kama aliyekumbuka zawadi mfukoni. "Bwana Chati alikuweka wa kwanza. Mia na kumi na mawili. Mimi mwenyewe nilikutoa kwenye orodha."

Nadhani alitegemea ashukuriwe. Mama Povu alitafuta kiti kwa mkono, akakikuta, lakini hakukaa; alikishika tu mgongo. Sasa alielewa watu wote chini walikuwa wameelewa nini. Mwenye makosa mengi kuliko wote amebaki, na ni mama wa mwenye kampuni, na orodha ameiandika yeye.

"Nirudishe," alisema.

"Nini?"

"Kwenye orodha. Nirudishe nilipokuwa."

"Siwezi kumfukuza mama yangu. Watu watanionaje?"

"Hilo ndilo umeliwaza," alisema. "Watu watakuonaje."

Akachukua daftari mezani, akang'oa vijikaratasi vya rangi kimoja kimoja, akaviacha juu ya meza ya kioo. Mlangoni Bwana Chati, ambaye alikuwa anasubiri, akamwambia kwa heshima kwamba hakuna shida akilichukua, kurasa zote walishazipiga picha. Maji yakimwagika hayazoleki. Alishuka ghorofa nne, akakusanya yale madaftari ya zamani kabatini, yale yenye wanga, na hakurudi tena.

Kampuni haikufa, usije ukadhani. Bibi Sifuri aliendeleza ule mkutano wa asubuhi, kwa kuwa Mkuu aliupenda kwenye picha. Saa moja kasoro dakika kumi watu walisimama kuizunguka meza, na yeye akauliza nani ana kosa. "Mimi sina." "Mimi sina." "Mimi sina." Watu sitini na kitu, hata mmoja hakukosea, siku baada ya siku. Nasikia bwana mmoja alirudishiwa suti ya harusi ya mwanawe ikiwa na ukubwa wa mtoto wa darasa la tatu, na mpaka leo haijulikani ilipitia mikono ya nani.

Mkuu alipiga simu Jumapili, halafu Jumapili tatu mfululizo. Simu ililia kwenye meza ya kulia chakula, ambayo sasa ilikuwa imerudishwa jikoni ikiwa na alama ya pasi katikati. Mama Povu aliitazama mpaka ikanyamaza. Hakuwa anamkomoa. Alikuwa anasubiri aje mwenyewe, aseme mwenyewe. Mlango aliuacha bila komeo mchana wote, na kila jioni akalifunga.

Kwa Fundi Pasi hakusubiri. Mwezi mmoja baadaye alisikia kwamba anapigia watu pasi nyumbani kwake, dirishani, sare za shule na mashati ya makarani wa jirani. Akatoka asubuhi mapema, akafika saa moja kasoro dakika kumi kamili. Dirisha lilikuwa wazi. Fundi alikuwa anaanza kola, kama kawaida yake, kutoka ncha kwenda katikati. Alimwona. Hakuacha kazi, na hakupiga mluzi.

Mama Povu alisimama nje ya dirisha. Akafungua daftari la zamani ukurasa wa mwisho, alioujaza mwenyewe, akavaa miwani, akasoma kama alivyokuwa akisoma kila asubuhi.

"Niliwapa watu neno langu, nikalitoa nje. Niliona fahari nikasahau ahadi. Nilinakili makosa nikaacha dawa. Niliandika kukosa umakini mahali ambapo mtu aliandika mke wake amelazwa. Nilimwamini mwanangu kuliko nilivyowaheshimu ninyi."

Upande wa kulia ulikuwa mweupe. Alikuwa amekaa nao mwezi mzima na hakupata dawa ya kuandika.

Fundi Pasi aligeuza shati, akanyoosha mkono wa kushoto, akapitisha pasi mara moja, mara ya pili.

"Nimesikia," alisema.

Mama Povu akangoja sehemu iliyobaki, ile ya kazi iendelee. Fundi alilitundika lile shati, akanyunyizia maji jingine, na mvuke ukapanda kati yao. Akangoja mpaka shati la pili likaisha, na la tatu. Kisha akafunga daftari, akamuaga, akarudi nyumbani.